Pikipiki ya Muuza Mayai

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Vioo,
Jumatano, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana najua umeninunia kwa kukaa miezi miwili bila kukuandikia. U hali gani? Macho je? Na mgongo? Uliniandikia kwamba kiti chako kipya cha plastiki kinakuzamisha, meza ya cherehani inakufika kidevuni, na unashona kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona haya, maana mgongo si jambo la mzaha. Hilo la kiti sijalisahau, nitalirudia.

Sisi huku wazima. Mama, wifi yako, amepona kikohozi na sauti imemrudia yote, kwa hiyo mtaa mzima unajua tunapika nini. Kaka Mkubwa naye yupo, anaendelea kutushauri mambo tusiyomuuliza.

Sasa Shangazi, kaa kitako. Kama umeshakaa, shika meza. Nimenunua pikipiki. Ndiyo, mimi, Bobini wako, uliyeniita hivyo kwa ufupi wangu na kwa kuzunguka kutwa bila kutulia, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani. Usipige kelele kwanza, soma mpaka mwisho.

Kuna chuo cha ushonaji kule juu kilimani, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Wana vyerehani arobaini na vinne, na kila wiki vitano au sita vinagoma. Mkuu wa chuo, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, alinijaribu mwezi wa nne na kazi yangu ikampendeza. Lakini fundi waliyekuwa naye aliwachosha kwa kuchelewa, kwa sababu basi linaishia njia panda na kutoka hapo ni saa nzima kwa miguu. Akaniambia kazi ni yangu nikifika Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa moja na nusu asubuhi, na zana zangu zote, tena niwe na njia ya kufika hivyohivyo kila wiki. Nikishindwa, yuko fundi mwingine ameshaomba.

Unalijua sanduku la zana uliloniachia, chuma tupu. Nililipandisha kile kilima kwa baiskeli siku ya majaribio, nikasukuma zaidi kuliko nilivyoendesha, na nilipofika juu nilichoka hata nikashindwa kutunga uzi. Miaka kumi na saba nimeshona nguo na kutengeneza vyerehani barazani kwa watu, leo kimoja, kesho hakuna. Kazi ya kila wiki sijawahi kuipata, Shangazi. Niliitaka mpaka chakula hakipiti.

Basi nikavunja kibubu. Kilichotoka kilitosha pikipiki iliyotumika, tena kwa kujibana, na mimi kuendesha sikujua. Kaka Mkubwa, ambaye hajawahi kuendesha hata mkokoteni, akajiteua kuwa mshauri. Ushauri wake wote ulikuwa mmoja tu, kwamba pikipiki lazima iwe na kifua. Akanipeleka kuona moja nyekundu, kubwa, inang'aa kama sufuria ya mgeni. Nilipoipanda nilining'inia juu yake kama shati kwenye kamba, na Kaka akasema nitazoea.

Bahati nzuri nilikuwa nimemwomba fundi wa pikipiki aliye jirani na duka la vioo aje nasi. Wanamwita Taratibu, na ndivyo alivyo, hata kupiga chafya anajiandaa. Yeye hakuitazama rangi. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo, akamwuliza mwenye mali kwa upole:

"Ndugu yangu, mbona imeshachemka na wewe umesema haijawashwa tangu jana?"

Yule bwana akaanza kukohoa. Kumbe alishaipasha moto kabla hatujafika, ili tusijue kwamba ikiwa baridi haiwaki mpaka uibembeleze. Tulipoomba kadi ya usajili ili tulinganishe namba na zile za injini, ikawa kadi iko kwa shemeji yake aliyesafiri. Tukaaga.

Njiani Taratibu alinipa somo ambalo nakuandikia kwa sababu limenifaa hata kwa vyerehani. Alisema anayejifunza atafute nyepesi, ile akiiangusha anaiinua mwenyewe. Injini ndogo inamtosha, kwani kilima kinapandwa kwa gia, hakipandwi kwa ubabe. Awe na uhakika wa kupata spea kila duka. Na asimalize pesa zote kwenye pikipiki, abakize za kofia ngumu, bima na leseni, maana kichwa hakina spea.

Wiki iliyofuata tukapata ya buluu, yenye injini ndogo ya sisi mia moja, ya mzee mmoja muuza mayai aliyeamua kupumzika. Hebu fikiria, Shangazi! Miaka sita imebeba trei za mayai. Haijarukishwa tuta, haijafungwa breki za ghafla, haijakimbizana na mtu. Taratibu akaigusa, baridi kama jiwe la kisimani. Ikawaka kwa teke la pili. Akapima cheni, matairi, breki, akalinganisha namba na kadi, kila kitu sawa. Nami nikafanya kama ulivyonifundisha kwa cherehani, nikafumba macho nikasikiliza. Mzee alidhani naomba dua, akavua kofia. Mlio ulikuwa sawasawa, haukuruka hata pigo moja. Nilikaa juu yake, miguu yangu yote miwili ikagusa chini. Nikalipa.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Siku ile nilikuwa nimevaa vile viatu vyangu vya soli nene, vya kuendea harusini. Kaka ndiye aliyesema wauzaji wanawadharau watu wafupi, niende nikiwa na kimo. Mimi niliyepima watu maisha yangu yote, ninayemvulisha mteja viatu kabla ya kupima pindo la gauni, nilikwenda kujipima pikipiki nikiwa nimesimama juu ya mpira wenye unene wa vidole vitatu!

Siku ya kwanza ya mafunzo, mwalimu wa udereva alitaka viatu vya kufunika vyenye soli bapa. Nikavaa, nikapanda, nikatafuta ardhi kwa ncha za vidole, sikuipata. Niliinama upande mmoja, pikipiki nayo ikainama, tukalala wote wawili mbele ya darasa zima, polepole, bila haraka yoyote. Sikuumia ila heshima. Lakini mwalimu alinivuta pembeni akaniambia hawezi kunipeleka kwenye mtihani na pikipiki ambayo siwezi kuisimamisha, nitajiumiza. Zilibaki siku tisa kufika Jumatatu ya chuo.

Nilimkimbilia mzee wa mayai anirudishie pesa. Alisikitika kwa kweli, ila pesa zilishageuka mabati ya paa, na yalikuwa yameshapigwa misumari. Kaka akasema tuiuze kwa hasara. Mama akasema niachane nayo, kazi zipo nyingi, ingawa yeye mwenyewe anajua hazipo. Nikaenda uani nikakaa kando ya pikipiki mchana kweupe, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Nilijiona mjinga, na nilijionea huruma, yote mawili kwa pamoja.

Nikiwa nalia nimeegemeza mkono kwenye kiti, vidole vikagusa mshono. Ulikuwa umefumuka. Nikaanza kuukagua hivihivi kwa mazoea, mishono ya mashine, uzi hafifu, ngozi ya bandia, chini yake sifongo nene. Nikaacha kulia. Nilikukumbuka wewe na wateja wako walioonea haya viuno vyao, jinsi ulivyowaambia kwamba atakayebadilika ni gauni, si wao. Shangazi, kiti cha pikipiki ni nguo! Kina kitambaa, kina kijazio, kina pindo. Na mimi nilikuwa nakaa hapo nalia kama mtu asiye na mkasi.

Sikulaza damu. Nilifungua boliti mbili, nikaking'oa kiti, nikatoa pini zote kwa bisibisi. Nilipima soli ya kile kiatu cha harusi, vidole vitatu kamili, nikakata sifongo kwa kisu cha mkate cha Mama, kipande kizimakizima, kisha nikapunguza mbavu za kiti ili mapaja yashuke wima. Nilishona kava jipya la turubai ya buluu kwa sindano nene na uzi wa mara mbili. Mama alisimama mlangoni anadai kisu chake, mwisho akaja kunishikia kitambaa. Taratibu akalegeza springi za nyuma kidogo. Nikavaa viatu bapa, nikapanda, nikateremsha miguu.

Ikagusa, Shangazi. Nyayo zote mbili, kisigino na vidole. Nilipiga kigelegele mpaka mwenye duka la vioo akatoka kuona nini kimevunjika.

Baada ya hapo nilifanya mazoezi kila jioni kwenye uwanja wa shule mpaka mwalimu akaanza kuniita mwenzake. Mtihani niliufanya Ijumaa, nikapita, na leseni nimeifunika kwa nailoni. Jumatatu nilifunga sanduku lako nyuma, nikavaa kofia yangu ngumu, nikapanda kile kilima kwa gia ya pili, moyo juu, huku nacheka ndani ya kofia. Nilipoingia getini mkuu wa chuo alikuwa amesimama barazani. Alitazama saa ya ukutani, ikawa saa moja na dakika kumi na tisa. Akatazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema tu, "Vyerehani sita vinakungoja, mwalimu." Ameniita mwalimu! Kumbe kazi ina pia kipindi kimoja cha kuwafundisha wasichana kutunza mashine. Nitawafundisha kama ulivyonifundisha, ila bila kuwapiga vidole kwa rula.

Taratibu ameniletea viti vitatu vya wateja wake wa kimo chetu, nivipunguze. Kaka sasa anawaambia watu kwamba hiyo ya buluu aliichagua yeye. Namwacha.

Sasa turudi kwenye kiti chako. Utaona dereva wa lori la mbao amekuletea furushi pamoja na barua hii. Ndani yake ni kile kipande cha sifongo nilichokikata. Nimekivalisha turubai ileile na kukitilia kamba nne, uzifunge kwenye miguu ya kile kiti cha plastiki kisikuteleze. Ni vidole vitatu, usikipunguze. Kikalie, Shangazi, uone meza inavyoshuka. Kimo kilichokuwa kimenizidi mimi ndicho ulichokuwa umepungukiwa wewe, na miaka yote hii nimekuwa nikitafuta namna ya kukuinua kama ulivyoniinua.

Nisalimie Mjomba, mumeo, na umwambie kofia ngumu ninaivaa. Nisalimie Dada Mshonavifungo anayekusaidia kazi, na mapacha wake. Mama na Kaka wanakukumbatia. Mungu akutunze mgongo, macho na mikono, akujalie wateja wanaolipa bila kuambiwa.

Ni mimi nikupendaye, nyayo zote mbili chini,

Bobini