Kile Walichomtoa Shangazi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nitaishia kusema "ndiyo, shangazi" kama kawaida yangu, na hili sijamwambia mtu yeyote: nimeiona saratani, na nimeiona nzuri.

Hujambo lakini? Kovu bado linawasha? Cherehani imepona? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Ilikuwa kwenye somo la seli. Tulipewa vioo vyenye nyama iliyokatwa nyembamba kuliko uzi na kutiwa rangi, tuangalie kwa hadubini na kuchora. Mwalimu wetu husema: chora unachokiona, si unachokijua. Kioo cha kwanza kilikuwa titi lenye afya, seli zimejipanga kando ya mpaka wao kama watoto mstarini. Cha pili hakikuwa na mstari. Viini vikubwa vya zambarau iliyokolea, kila kimoja na umbo lake, vimevuka mpaka na kumwagika kwenye nyama ya rangi ya waridi. Nilichora mpaka penseli ikaisha ncha. Mwalimu akauinua mchoro wangu darasa zima wauone, akasema, "Huyu ana macho." Wakanipigia makofi.

Ndipo nikakukumbuka wewe, titi lako walilolikata, na ule mto mdogo unaoushonea ndani ya sidiria upande wa kushoto.

Tangu siku hiyo najiona kama mtu aliyemsifia mwizi wa nyumbani kwao. Niambie kama nimekosa.

Mwanao,
Kimya

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo tena. Natumaini afya ni njema, maana baba anasema u mzima, una sare za shule nyingi za kushona. Lakini wewe ulikuwa unanijibu hata ukiwa na homa.

Najua nimekuumiza. Hadubini siigusi tena. Kwenye somo la anatomia nakaa nyuma, na wenzangu wananitania kwamba Kimya sasa kawa bubu kabisa. Nimeomba kuhamia hesabu. Namba hazina mwili.

Nigombeze, shangazi. Afadhali kofi kuliko kunyamaziwa hivi.

Mwanao,
Kimya

21 Aprili

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku tu wazima kiasi, cherehani imenishinda afya.

Nilikasirika, sikufichi. Barua yako niliitupia chini ya cherehani, nikashona huku nimeikanyaga. Nikasema, mtoto nimemlea mwenyewe, leo ananisifia adui yangu. Halafu udadisi ukanishinda. Kitu kimekaa mwilini mwangu bila kodi, kikatolewa nimelala, na sura yake sijapata kuiona. Wewe umemwona ndugu yake. Kwa nini mimi nisimwone wangu?

Nikaenda hospitali. Miadi yao niliiacha siku nyingi, na hilo baba yako halijui. Fundi wa maabara akacheka, eti mama, hapa si sinema. Nikamjibu kwamba nyama ni yangu, kama ni tiketi nililipa kwa titi. Daktari wangu akasikia, akatoka, akakitafuta kile kioo kwenye makabati yao, akanikalisha.

Nimeona, mwanangu. Ni kama kitambaa kilichochapwa na mlevi, lakini rangi zimekaa. Nililia kidogo. Nikamwambia daktari, "Huyu hakuheshimu upindo." Akasema ndivyo wanavyomtambua.

Kisha akaniuliza nilipotelea wapi, akanipima palepale. Kuna uvimbe kwapani. Mgumu, hausogei. Wamechukua kipande, na majibu ni Ijumaa ijayo. Ungeniandikia kunihimiza kwenda kupimwa, ningekupuuza kama nilivyowapuuza wote. Nilikwenda kwa sababu ulisema ni kizuri.

Kwa hiyo usihame. Na Ijumaa njoo. Daktari amekubali ukiangalie kioo cha kipande hicho kabla hajaniambia neno. Sitaki habari ya mwili wangu niisikie kwanza kwa mgeni.

Shangazi yako

24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nitakuja kuiona.

Nimefuta ombi la kuhama. Nilimwendea mwalimu mwenyewe, nikamweleza kwa mdomo wangu, si kwa barua. Ameniruhusu Ijumaa.

Maneno yako mawili, mgumu na hausogei, tumefundishwa yana maana gani mara nyingi. Mara nyingi si kila mara. Nimelishika hilo kwa mikono yote miwili.

Nimerudi kwenye hadubini kujiandaa. Kwapani kuna tezi, na seli zake ni nukta ndogo zilizosongamana, zinazofanana kama mtama. Nikiona mtama peke yake, nitakuambia. Nikiona wale wakubwa wa zambarau wamekaa katikati yake, nitakuambia pia, na sitatabasamu kwanza. Nitasema ninachokiona, si ninachokitaka. Wewe nishike mkono wa kushoto. Wa kulia nitazungushia hadubini.

Ila kuna jambo moja. Najua nitakapoinama, kabla hofu haijanifikia, kuna kitambo kidogo ambacho macho yangu yatafurahia zile rangi. Halafu nitaichukia saratani, na chuki hiyo nitasoma nayo mpaka nimalize chuo. Sijui mtu anawezaje kubeba vyote viwili. Nadhani wewe unajua, maana ulilia na bado ukasema rangi zimekaa.

Baba asilijue hili. Daktari naye asilijue. Nitunzie wewe, shangazi.

Mwanao,
Kimya