Kifungo Kwenye Bomba la Ukutani

Wanangu,

Nimeenda kununua saruji kidogo ya kushikizia soketi mpya. Umeme nimeuzima, mtu asiguse swichi kuu mpaka fundi arudi saa nane. Kioo kitundikeni ~~juu ya swichi~~ karibu na dirisha. Juu ya swichi msipigilie hata msumari mdogo, waya unapanda wima palepale ndani ya plasta.

Asubuhi fundi alikuja kuweka soketi ya cherehani yangu. Nilijua atachimbua ukuta mzima, nikawa nahamisha vitu huku nanung'unika. Akafungua kile kifuniko cheupe nyuma ya kabati, akachungulia ndani. Kisha akasema, "Mama, hili bomba lina uzi."

Ni lile bomba tupu la kupitishia waya, la marehemu baba yenu. Alipolifukia nilimgombeza, bomba bila waya la nini? Akanijibu, "We nuna tu, iko siku utalihitaji." Miaka kumi na tisa imepita. Fundi kafunga waya kwenye uzi ule, kavuta taratibu, ukatokea upande wa pili bila kuvunja hata tofali. Nikakaa chini.

Kwenye ncha ya uzi, ili usizame ndani, baba yenu alikuwa amefunga kifungo cha gauni langu la bluu. Dada mtu, ndicho nilichokugombezea siku mbili ukiwa na miaka sita, nikidhani umekipoteza wewe. Nisamehe mwanangu.

Fundi ameacha uzi mpya humo kwa ajili ya wajukuu. Kifungo nimetoa mimi. Kaka mtu, shati lako jeupe limepungukiwa kimoja, usitafute mchawi.

Mama yenu