Malengo Yangu na ya Hawa

Jumatatu, 18 Desemba 1995

Ukungu. Tumetoka saa kumi na mbili kasorobo, mimi na Hawa, kutoka Makandana hadi njia panda ya Lufingo na kurudi. Hawa mbele, mimi nyuma, kama siku zote. Nilimfikia kwenye mteremko, akaniacha kwenye kilima. Akina mama wanaokwenda kuchuma chai wakatuamkia kwa kelele: "Ugonile, mwalimu! Nani kafa huko mnakokimbilia?" Miaka mitano swali ni lile lile.

Shule imefungwa. Nina muda. Nimenunua daftari la malengo ya mbio za mwakani.

Jumatano, 20 Desemba

Tumeandika malengo kibandani kwa baba yake Hawa. Mzee Shabani ni fundi nguo, mtoto wa fundi nguo aliyekuja na cherehani yake kutoka Pwani. Zamani mezani kwake pasingekuwa na nafasi ya daftari siku za kuelekea Krismasi. Leo palikuwa peupe. Watu wote wako kwenye marundo ya mitumba, wanachagua nguo za kafa Ulaya. Mzee anapunguza suruali zao pindo, basi.

Malengo ni haya. Mbio za mkoa Mbeya, mwezi wa sita, mita elfu tano za wanawake, sote wawili. Mimi nimalize ndani ya dakika kumi na tisa. Hawa ashinde. Kabla ya Pasaka tufike Kiwira bila kusimama. Tusikose asubuhi hata moja, isipokuwa kwa msiba au homa.

Hawa hakutaka kuandika. Alisema mwandiko wangu ndio wa mwalimu. Nikaandika yangu na yake. Akatia sahihi. Mzee Shabani akasoma kwa sauti, mara mbili, akasema atatushonea bukta mpya.

Hawa alikuwa kimya sana. Nikadhani tumbo.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani, kisha ndizi na nyama kwa shangazi Kiwira. Sikukuu hii siipendi. Mama alifariki siku tatu kabla ya Krismasi, miaka mitano iliyopita. Baada ya mazishi nililala wiki mbili, sikuoga, sikula. Hawa alikuwa jirani tu, muuzaji wa duka la ushirika, salamu na kwaheri. Akaingia, akanivuta blanketi. "Simama. Tunakwenda kukimbia." Sikuwa na raba. Nilikimbia na ndala mpaka zikakatika. Nilirudi nikala.

Hilo sijawahi kumshukuru kwa maneno.

Alhamisi, 28 Desemba

Hawa hakutokea. Nimesubiri kwenye kona nusu saa, mvua inanyesha. Nikaenda peke yangu, nikageuka nusu ya njia.

Ijumaa, 29 Desemba

Nimelijua kwa muuza mafuta ya taa. Kwa muuza mafuta ya taa! Hawa anaolewa. Mahari imepokelewa tangu Novemba. Bwana anaitwa Idrisa, anashusha marobota ya mitumba Mbeya na Tunduma, nyumba iko Dar es Salaam. Ndoa lazima iwe kabla ya Ramadhani.

Mtaa mzima ulijua. Akatia sahihi malengo ya Juni huku anajua kwamba Januari hayupo.

Nina hasira. Herufi zinapinda.

Jumapili, 31 Desemba

Nimekwenda kwao baada ya ibada. Alikuwa uani anaosha vyombo. Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilimuuliza kwa nini alitia sahihi.

"Ulikuwa na furaha, Atu. Nilishindwa."

Nikamwambia Dar kuna viwanja vya maana, akimbie huko, sisi wengine tutamsikia redioni. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia.

"Mimi sipendi kukimbia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sijawahi kupenda. Ulikuwa unakufa mle ndani. Ningekuambia twende tukasuke mikeka, ungeinuka? Nilitafuta kitu cha kukutoa nje. Halafu ukapenda, na mimi nikashindwa kuacha."

"Mbona unakwenda mbele kila siku?"

"Ili nimalize upesi, nikapike."

Miaka mitano nimefukuzana na mtu anayewahi jikoni. Yeye ana miguu ambayo mimi ningeomba kwa kufunga. Hapo nikasema lile neno. Nilisema: "Mitumba imemuua baba yako, na wewe unakwenda kuolewa nayo."

Nyuma ya pazia la mlango Mzee Shabani alikohoa. Alikuwepo muda wote.

Niliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 1 Januari 1996

Mwaka mpya. Sikukimbia. Nimelala mpaka saa nne. Najichukia.

Jumamosi, 6 Januari

Nimejaribu. Nimefika kwenye kilima, nikasimama, nikaketi kando ya migomba ya watu. Bibi mmoja akatoka na jembe kuuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Akanipa parachichi. Nikalia mbele yake kama mtoto. Hakuuliza zaidi.

Jioni nilichana ukurasa wa malengo. Kisha nikachemsha uji mzito, nikagundisha vipande. Mwandiko umevimba, unasomeka.

Jumatatu, 8 Januari

Shule imefunguliwa. Darasa la pili wamekuwa themanini na mmoja. Chumba kinavuja. Nimeshukuru kuwa na kazi ya kupiga kelele.

Jumatano, 10 Januari

Mzee Shabani amekuja shuleni. Amevaa koti la suti, hii mvua yote. Walimu wenzangu wakadhani ni mkaguzi. Nilimwamkia, nikashindwa kuinua macho. Tukasimama barazani.

"Mwalimu, nilisikia ulivyosema."

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nusu ni kweli. Mitumba imenimaliza, na duka la ushirika alimokuwa akiuza limefungwa. Lakini binti sikumlazimisha. Alimtaka mwenyewe. Mimi ndiye niliyetaka akimbie. Nilikuwa najivuna msikitini, sokoni, kila mahali. Binti yangu atauletea mkoa kombe. Kumbe mtoto anachoka, na mimi namshonea bukta."

Alicheka kidogo. Ilikuwa afadhali angelia.

"Tulikuwa wawili tuliokuwa hatumwoni, mimi na wewe. Njoo Ijumaa. Kila siku anakuulizia."

Ijumaa, 12 Januari

Nilichelewa makusudi. Nilisahihisha madaftari ambayo hayakuwa na haraka. Nilipofika ndoa ilikuwa imeshafungwa, wanaume wanakula pilau chini ya turubai. Bwana harusi alinyanyuka kunipisha. "Karibu shemeji. Mwalimu Atupele, sivyo? Nakusikia kuliko ninavyosikia habari za ndugu zake." Nilitaka awe mtu mbaya. Si mbaya. Ana meno yaliyoachana na aibu nyingi.

Hawa alikuwa chumbani, hina mikononi mpaka viwikoni, wanawake wamejaa. Wakanipa nafasi kitandani. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalipotea.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kabla hujafika getini siku ile." Halafu: "Lakini magoti yangu hayajakusamehe."

Tulicheka, tukalia, hina ikanipaka shavuni. Shangazi zake wakanigombeza kwa kuharibu. Nilimwambia ahsante kwa siku ile ya blanketi. Imechukua miaka mitano. Aliinamisha kichwa tu.

Jumamosi, 13 Januari

Wameondoka saa moja asubuhi. Pikapu ya Idrisa, godoro juu, mbuzi mmoja, mikungu mitatu ya ndizi za kuchoma, Hawa hawezi kuamini Dar kuna ndizi. Mzee Shabani aliaga kisha akaingia kibandani kushona kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Nilisikia cherehani mpaka nilipofika barabarani.

Moyo unauma, kweli unauma, hapa chini ya mbavu, pale pale panapochoma nikikimbia kwa kasi.

Jumatano, 17 Januari

Sijakimbia. Mvua. Si mvua.

Mwalimu mkuu kauliza kama jina langu lipelekwe kwa mbio za mkoa. Na la Hawa je? Nimemwambia Hawa amehama. Mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Jina langu nimesema lipelekwe. Sijui kwa nini.

Jumapili, 21 Januari

Nimetoka kabla ya ibada. Ukungu mzito, barabara haina mtu, nasikia hatua zangu mwenyewe na maji kwenye mitaro. Mara mbili nilitaka kuongeza kasi nimfikie mtu, nikakumbuka hayupo. Nikashindwa kujua niende vipi. Miaka yote hiyo nilikuwa nakwenda mwendo wa Hawa. Wangu siujui.

Nikaenda taratibu. Sikusimama. Sijui kama huo ndio mwendo wangu au ni huzuni tu. Nimerudi, nimeoga, nimepika chai, nimekwenda kanisani nikiwa na nywele mbichi.