Kichupa Chenye Pete Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Tumepewa mwongozo mpya wa dawa za dharura. Kijitabu cha mfukoni, jalada la kijani, herufi kama chawa. Aliyekichapa alikuwa anabania karatasi. Macho yangu mazima, wino wao ndio umekonda.

Mtihani wa mdomo ni Jumamosi, mbele ya daktari. Wahudumu wote wa ambulensi, wa zamani na wapya. Atakayeshindwa hapandi gari mpaka arudie. Sitashindwa. Miaka kumi na tisa sijashindwa.

Nimempa Fundi anisomee tukiwa tumeegesha. Nimemwambia nataka kumpima matamshi. Fundi ndiye mwenzangu wa gari la kwanza. Alikuwa fundi wa magari kabla hajaingia kazi hii, na jina likamganda. Yeye akasoma, mimi nikameza. Mzio mkali, mtu mzima: adrenalini nusu mililita, msuli wa paja, upande wa nje. Dakika tano. Hakuna nafuu, rudia. Moyo uliosimama: adrenalini miligramu moja kila dakika tatu hadi tano, na kifua hakiachwi kusukumwa. Mpaka tunaitwa kazini, kurasa kumi na mbili zilikuwa kichwani.

Kibiriti wa gari la nne alipita dirishani. "Dada Soma leo anasomewa?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Jina hilo nimejitakia mwenyewe. Sheria ni yangu: hakuna kichupa cha dawa kinachovunjwa shingo kabla hakijasomwa mara mbili. Anayekitoa begini anasoma kwa sauti jina, nguvu na tarehe. Anampa mwenzake. Mwenzake naye anasoma kwa macho yake, si kwa masikio yake. Kibiriti anasema tunajifanya chekechea. Nimemwambia anaweza kulalamika vizuri tu huku anasoma.

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani tangu asubuhi. Sare za shule, thelathini na mbili. Akaninyooshea sindano na uzi bila kugeuka. "Nitungie, dada."

Nilijaribu. Nililamba uzi, nikaukata, nikaulamba tena. Nikaenda dirishani. Tundu lilikuwa linaogelea. Cherehani ikanyamaza. Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Mtu akikutazama hivyo unatamani agombe tu.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikasema tangu leo. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia kifo nakutana nacho kila siku kazini na hakijaniuliza habari ya sindano.

Haya. Hapa hakuna msomaji, niandike ukweli. Ni zaidi ya mwaka. Ukungu katika jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nene, mistari miwili kwa neno moja, na daftari linaisha upesi. Mwaka jana kwenye vipimo vya afya nilikariri ubao wa herufi. Nilisimama mlangoni nikasikiliza wenzangu wanne wakiusoma, nikaingia wa tano. Nilipata alama za juu. Nilijiona mjanja sana.

Asiyeona vizuri anahamishiwa chumba cha redio. Kiti, vipokea sauti na feni inayopiga kelele. Unasikia mtu anakufa upande wa pili wa mji na mikono yako iko mezani. Siendi.

Nina mpango. Kila dawa na mfuko wake ndani ya begi, na kila kichupa na rangi ya pete shingoni iliyotiwa kiwandani. Nyekundu adrenalini, buluu atropini, hizo mbili ndizo zinazofanana umbo. Njano ya degedege. Nimezichora zote hapa daftarini kwa kalamu nene. Vidole vyangu havihitaji miwani.

Ijumaa, 8 Machi

Mzigo mpya wa dawa umefika. Mtu wa stoo kaumimina wote kwenye trei, maboksi kayatupa. Maboksi ndiyo yenye maandishi makubwa! Sikusema kitu. Ningesema nini?

Nimepanga mabegi ya magari yote manne, mwenyewe, mlango nimeufunga. Nyekundu huku, buluu kule. Dakika arobaini. Bosi kapita akasema kwa mpangilio huu hata kipofu angefanya kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Maswali ishirini na tano, nimejibu yote. Daktari kafunga kijitabu akaniuliza mimi nitafundisha lini. Kibiriti kakosa mawili na kanuna. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike yote kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kuandika ripoti.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Shule ya msingi, chumba cha walimu. Mwalimu wa kike, makamo yangu, kachomwa na nyuki mmoja shingoni. Nyuki mmoja tu. Midomo imevimba, sauti inakwaruza, mwili mzima vipele, shinikizo la damu linashuka. Hakuna wa kuuliza ni nini. Fundi akamlaza, akainua miguu, akaweka oksijeni. Mimi begi. Mfuko wa kwanza, pete nyekundu.

"Adrenalini," nikasema, "miligramu moja kwa mililita moja, haijapitwa na tarehe." Nikampa.

Fundi akakitazama. Akanitazama mimi.

"Dada, soma tena."

Nikarudia maneno yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu alikuwa anakoroma kifuani.

"Hapa pameandikwa atropini," Fundi akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka. Akatia mkono mfuko wa pili mwenyewe, akatoa chenye pete ya buluu, akasoma, akanishikisha. Nikavuta nusu mililita. Paja, upande wa nje.

Dakika nne, vipele vikaanza kupungua. Dakika ya saba mwalimu akapata sauti, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba madaftari ya darasa la tano yasichanganywe na ya la sita.

Tulipomkabidhi hospitali, Fundi akafunga milango ya nyuma na kuiegemea. Kiwanda kipya, alisema. Pete wamezigeuza. Angeweza kukosea yeyote. Mgonjwa mzima, anaongea, hajaumia mtu. Yaishe hapahapa.

Nikakubali. Nakiri. Nilikubali kwa muda wa kuvua glavu moja.

Glavu ya pili ndipo nilipokumbuka Ijumaa. Mabegi manne. Mikono ileile, macho yaleyale, mlango umefungwa.

Nilinyakua redio. Sikutafuta maneno. "Magari yote. Mfuko wa adrenalini una atropini ndani. Begi nimepanga mimi, nimekosea mimi. Msivunje kitu kabla ya kusoma." Mji mzima ulisikia. Gari la pili likajibu: tumesoma, kweli, tunabadilisha. La tatu likajibu hivyohivyo. La nne kimya.

Nikaita tena. Chumba cha redio kikasema gari la nne liko kwa baba mmoja aliyeanguka sokoni, moyo umesimama.

Dakika sita. Fundi alikuwa ananihesabia bila kuombwa. Nilikaa kwenye ngazi ya ambulensi na glavu moja mkononi. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopea mgonjwa wangu mwenyewe.

Kisha Kibiriti. Anahema. "Moyo umerudi. Tuko njiani." Akaongeza: "Ile tuliiona, dada. Tulisoma atropini. Tukasoma tena. Nikamwambia mwenzangu macho yetu ndiyo mabovu, maana begi kapanga Dada Soma. Tukasoma mara ya tatu ndipo tukafungua mfuko mwingine. Kifua hatukukiacha."

Mara tatu. Herufi ziko mbele yao, wakaniamini mimi kuliko herufi. Nimefundisha watu kuamini maandishi miaka kumi na tisa, halafu nikawa mtu wa kuaminiwa zaidi ya maandishi. Kama dakika moja hivi imepotea.

Jumanne, 12 Machi

Ripoti. Bosi alikuwa ameshaniandalia nusu: kiwanda kimebadili rangi bila taarifa, stoo imetupa maboksi. Yote kweli. Alinisukumia kalamu nitie sahihi. Mtu mwema, ananitakia mema, ningeweza kumbusu mkono.

Nikamwomba nafasi chini. Nikaandika kwa herufi zangu kubwa: Sikusoma. Siwezi kusoma maandishi ya vichupa tangu mwaka jana. Ubao wa macho nilikariri. Ikajaa hadi pembeni.

Aliisoma hadi mwisho. Kisha akaniambia nimrudishie ufunguo wa begi, na kwamba sipandi gari mpaka daktari wa macho aseme. Sauti yake haikuwa na hasira. Nilitamani iwe nayo.

Nje Fundi alikuwa ananisubiri, uso umekunjamana. Kwa nini najichongea? Nani aliniuliza habari ya macho? Ndipo nikamuuliza yeye: ulijua?

"Tangu Januari," akasema. "Ulikuwa unanisomea tarehe ya kichupa cha jana."

Kumbe kila aliponiambia soma tena alikuwa ananipa nafasi, na miezi miwili amekuwa akisoma kwa ajili ya watu wawili. Nilimwambia alipaswa kunishtaki. Akasema yeye ni fundi, gari bovu hulitengeneza kwanza. Nimemkasirikia na nimempenda, vyote pamoja.

Yule baba wa sokoni bado yuko kwenye mashine. Nilimuuliza daktari ile dakika ina uzito gani. Akasema hakuna ajuaye. Hakusema haina.

Jumatano, 13 Machi

Mabegi yamepangwa upya na watu wawili, maboksi yako mezani. Nimekaa pembeni, nimewasomesha. Kibiriti alisoma kila kichupa kwa sauti ya muadhini, makusudi, mpaka nikacheka. Kisha akaja akakaa karibu nami.

Kila asubuhi Kibiriti ananitumia habari za yule baba. Leo: bado.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki ya macho. Benchi la mbao, watu kumi na mmoja mbele yetu, sasa wawili. Mdogo wangu kaacha sare za watu akaja. Kanishonea na mfuko wa kuwekea miwani, hata hatujajua kama miwani itasaidia. Muuguzi wa zamu alinimulika kwa tochi pale mapokezi akasema anahisi ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba hutolewa. Baadhi hurudi kuona vizuri. Baadhi vizuri kiasi. Nikauliza kiasi cha kusoma kichupa? Akasema nimngoje daktari.

Kama kiasi hicho kitarudi, nitarudi garini. Kama hakitarudi, kile kiti cha redio nitakikalia, na atakayejibu bila kusoma nitamjua kwa sauti yake. Nimeamua. Sikulia kuamua, nililia kabla.

Tatizo ni moja. Mlango wa chumba cha vipimo hufunguka kila mgonjwa anapotoka, na nimemwomba mdogo wangu anisomee ubao uliomo ndani. Ni uleule wa mwaka jana. Herufi kwa herufi. Akili imeshaanza kuzipanga yenyewe, mstari wa tatu, wa nne, wa tano, kama shairi la shule. Sikuiomba.

Nimemwambia ataingia nami. Nikitaja herufi upesi mno, anifinye. "Kwa nguvu?" ameuliza. Nimemwambia kama anavyonidai kwa mwaka mzima niliomficha.

Kibiriti katuma ujumbe. Mdogo wangu kanisomea: yule baba kafumbua macho, hajasema neno.

Aliyekuwa mbele yetu ametoka. Mlango uko wazi, taa ya ubao inawaka. Mstari wa kwanza nauona. Wa pili naukumbuka. Mdogo wangu ameshasimama, vidole tayari, na jina langu limeitwa.