Kwa Zdravka, Aliyeijua Milango ya Moyo

Mwaka umezunguka, Zdravka, tangu ulipoanguka kwenye lami mbele ya hospitali, mchana wa tarehe mbili Juni, ving'ora vikilia na mji wetu wa Ruse umesimama wima kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya uhuru. Tunakuandikia wewe. Anayepita mlangoni petu, tulipoibandika karatasi hii, na kusoma, asome tu.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Kazi yako ilitaka hivyo. Ulichukua seli moja ya moyo wa sungura, ukaigusa kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, kisha ukaipitishia dawa za usingizi, moja baada ya nyingine, uone ipi inafunga mlango gani. Nyumbani uliunguza supu ya maharage, ukaila hivyo hivyo. Miavuli uliisahau kwenye treni. Siku ya kuzaliwa ya mtu hukuisahau hata mara moja.

Kaka yako Ognyan, mchomeleaji wa meli, ambaye yote ayajuayo aliyasoma vitabuni mwenyewe, hakuacha kukutania mezani.

"Unachungulia moyo wa sungura tangu tuko vijana. Umeona nini humo, wewe?"

"Milango, kaka. Sodiamu ikiingia, moyo unapiga. Potasiamu ikitoka, moyo unapumzika. Sasa ile gesi ya kulazia wagonjwa usingizi wa upasuaji inabana mlango wa kutokea. Kwa watu wengi si neno. Lakini kuna mtu amezaliwa na mlango huo tayari ni mwembamba. Kwake pigo jipya linaingia na la zamani halijatoka."

"Kama lango la kiwanda zamu zikikutana."

"Hapo hapo."

"Basi gesi imegoma!"

"Mgomo una madai, kaka. Huu ni mkanyagano. Watu wanakufa."

Ognyan alicheka, kisha akaacha kucheka. Mjomba wenu Minko alikufa hivyo: mzima wa afya, kengele ya shule ikalia, akaanguka. Daktari wa siku zile alisema moyo umechoka. Ulipokua ukajua ni ule mlango mwembamba, ambao mlio wa ghafla huukwamisha, na kwamba Mama anao, na wewe unao, na binti yako Vihra unao pia. Wote watatu mkaanza kumeza vidonge. Kengele ya simu yako ikawa ya kutetemeka tu.

Kisha Mama akateleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga. Daktari Krasen, kijana wa mji wetu aliyerudi kutoka Ujerumani baada ya miaka mingi, alikuja kitandani kabla ya upasuaji kumwuliza kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuzirai au kufa ghafla. Meno ya Mama yalikuwa kwenye glasi, na Mama hafungui mdomo mbele ya mwanamume akiwa hana meno. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, kama sisi sote tunavyotikisa tunaposema ndiyo. Daktari akasema vizuri sana, akaenda zake.

Ulipofika ulimkuta Mama amenuna.

"Huyu mtoto hana adabu. Namwambia habari ya marehemu Minko, ananiambia vizuri sana!"

"Umemwambia vipi, Mama?"

"Kwa kichwa. Ulitaka nimwambie kwa ufizi?"

Ulimkimbilia Daktari kwenye korido, wewe uliyekuwa hukimbii kamwe.

"Daktari, kichwa chako umekisahau Ujerumani?"

"Samahani?"

"Mama yangu amekujibu ndiyo."

"Ametikisa kichwa."

"Ndiyo!"

"Ndiyo ametikisa, au ndiyo ndiyo?"

"Ndiyo zote mbili. Gesi yako itamuua."

Hakukubishia, kwa hilo tunampa haki yake. Aliitazama upya karatasi ya umeme wa moyo wa Mama, akaona jinsi moyo unavyochelewa kupumzika, akaweka gesi kando na kumlaza kwa dawa ya mshipani. Mama aliamka akidai meno yake.

Mwingine angeshukuru na kurudi kazini. Wewe ulikwenda kwa mkuu wa idara ya Daktari. Ulitaka mambo mawili yawe kanuni: mgonjwa ajibu kwa mdomo, na karatasi ya moyo isomwe kabla ya gesi. Mara ya kwanza alikwambia ataangalia. Mara ya pili alikwambia hospitali si maabara. Mara ya tatu ilikuwa tarehe mbili Juni, asubuhi. Kila mwaka siku hiyo ulijifungia chini kwenye maabara, pamba masikioni, hadi ving'ora vinyamaze. Ulidhani utawahi kurudi. Mkuu alikuweka kwenye benchi mpaka ukachoka kungoja, ukatoka nje saa sita ikigonga. Pamba tuliikuta mfukoni mwako.

Ognyan aliwauliza waliokuwapo, mmoja mmoja. Yeye huwa hasahau alichoambiwa, wala aliyemwambia. Mwenye duka la maua alisema alikuona lakini ving'ora vilikuwa havijaisha. Dereva mmoja alisema hakutaka kuonekana mtovu wa heshima. Mwanamke mwenye mtoto mkononi alilia, akasema, "Nilidhani amepiga magoti kwa ajili ya mashujaa."

Walisimama wote, Zdravka. Walisimama vizuri sana.

Ognyan alitaka jina la mkuu wa idara liandikwe hapa kwa herufi kubwa. Mama alimkatalia.

"Hii ni kumbukumbu ya binti yangu, si bango la mgomo."

"Mama, wewe uko hai kwa sababu ya Zdravka!"

"Najua niko hai kwa sababu ya nani. Andika kilichotokea, kisha nyamaza."

Kilichotokea ni hiki. Kanuni haijaandikwa hadi leo. Daktari Krasen peke yake ndiye anayewaambia wagonjwa wake, "Nijibu kwa mdomo, hata kama huna meno," na anazisoma karatasi mwenyewe. Wanaolazwa usingizi na madaktari wengine hulazwa kama zamani.

Leo asubuhi tumekuletea kaburini ngano ya kuchemsha, kama desturi yetu kwa marehemu, na matunda ya kwanza ya cheri. Vihra ameondoka na baba yake kwenda kwenye shamba la mizabibu, mbali na ving'ora, naye Mama amekubali kwenda nao baada ya kubembelezwa sana. Saa sita Ognyan atakuwa mbele ya hospitali. Yeye hatasimama. Atapita katikati ya waliosimama, akiwatazama usoni kila mmoja, aone kama kuna anayelegea. Watakaomtukana watamtukana.

Nawe unayesoma mlangoni hapa: ukimwona mtu amepiga magoti leo, usimpe heshima. Mshike.

Wanaokukumbuka ni mama yako Stoyanka, mume wako Lyuben, binti yako Vihra na kaka yako Ognyan. Kukusahau, Zdravka, hatutajua kamwe.