Simu Haiguswi

Nsambya, Kampala
Jumapili, 14 Machi 1999

Yaya wangu mpenzi Huguette,

Pokea salamu zangu, za asubuhi na za jioni pamoja, maana sijui Nashon atakufikia saa ngapi. U hali gani, dada yangu mkubwa? Goti linasemaje na hiyo baridi ya Nakuru? Shemeji hajambo? Mimi mwili ni mzima, nala, nalala, na malaria haijanigusa tangu Krismasi. Mengine utayasoma. Huyu Nashon aliyekuletea barua ni jirani yangu hapa, Mkenya wa reli, mtu mwema. Nimemwomba asiondoke mlangoni pako mpaka umalize kurasa zote. Mpe kiti na chai, ila maandazi mfichie, hana breki.

Najua ulivyo. Ukiliona jina la Reine utataka kuikunja barua hii uitie jikoni. Nakuomba kwa kaburi la mama, usifanye hivyo. Uliapa kwamba mjane wa mdogo wetu Gradi hatakanyaga nyumba yako, yeye wala mtoto wake. Nakuandikia kwa sababu ya kiapo hicho, na nikimaliza utaamua mwenyewe.

Kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu kila ukiniuliza ninafanya nini Kampala najigamba tu bila kueleza. Ofisini kwetu hapa Nsambya kuna kompyuta moja tunayoiita bodi. Watu wetu waliokimbia Kongo, na wafanyabiashara wa soko la Nakivubo, wanakuja kuandika ujumbe wao humo. Huko Beni misheni ina kompyuta yake na simu ya setilaiti. Kila Jumamosi saa nne asubuhi kompyuta ya Beni, bila mtu kuigusa, inaipigia yetu simu. Modemu yetu, kisanduku kidogo chenye taa nyekundu, inapokea, inapiga kelele kama paka wawili juu ya bati, na barua zinapishana, za huku zinakwenda, za huko zinakuja. Faustino, karani wa misheni, anazichapa na kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Basi. Vita ilipokata simu zote za Beni mwaka jana, njia iliyobaki ilikuwa ile, na bwana mlinzi wa njia nilikuwa mimi mdogo wako.

Kuna sharti moja: modemu ikipiga au ikipokea, mtu akiinua mkono wa simu, maneno yanakatika. Nanyama, mama anayetusafishia ofisi, aliwahi kuinua, akasema haloo, akaikata Beni katikati. Yaya, nilimfokea mama wa watu mpaka akalia. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika juu ya simu: SIMU HAIGUSWI, HATA IKILIA MPAKA KESHO. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Mwezi wa kumi, Alhamisi tarehe nane, dereva mmoja anayeitwa Wahabi aliingia Nakivubo na lori lenye matundu ya risasi mlangoni. Alituambia njia ya Beni kwenda Kasindi mpakani imeharibika, kuna watu wenye bunduki msituni na hawaulizi wewe ni nani. Mimi nilijua Gradi anajiandaa kutoka Beni kuja Kampala kutafuta nafasi, aone chumba kwanza, ndipo amlete Reine na mtoto. Nilikimbia kutoka Nakivubo mpaka ofisini kwa miguu. Nikaandika kwenye bodi: Gradi, usipande gari lolote, njia ni mbaya, kaa hapo mpaka nikuambie. Jioni ile ile nilikupigia wewe, ukaniambia vizuri, mwandikie kwa ukali, huyo mtoto hasikii. Nikakujibu kwamba nimeshamwandikia. Mpaka hapo nilikuwa msema kweli.

Sasa sikiliza la Ijumaa. Bwana Odera, mkubwa wangu, alikuwa amenisumbua wiki nzima. Intaneti ilikuwa imefika mjini, naye alitaka bodi yetu ifunguliwe na mtu aliye kwenye intaneti, bila kupitia laini ya simu. Lakini bodi yetu ni programu ya zamani, haijui kitu kingine duniani ila modemu. Kwa hiyo unaidanganya. Unaweka draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, ya modemu hewa, modemu ambayo haipo, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara serikalini. Programu inauliza modemu upo, hewa inajibu nipo, sawa, na kumbe nyuma yake ni waya wa intaneti.

Kompyuta ina milango yenye namba. Mlango wa kwanza ulikuwa wa kipanya, wa pili ulikuwa wa modemu yetu ya kweli. Hewa ilipaswa kupewa mlango wake, wa tatu. Nilijaribu tangu asubuhi, ikagoma. Wa tatu ulikuwa unagombana na kipanya, na bodi yenyewe ilikataa kuutambua. Saa tisa nilichoka. Nikasema ngoja niijaribu kwenye mlango wa pili, kwa saa moja tu. Ndani ya faili la kuwashia kompyuta nikaulaza usingizi mstari unaoamsha draiva ya modemu ya kweli, nikaipa hewa kiti chake, nikawasha upya. Bienfait, rafiki yangu wa duka la intaneti mjini, akajaribu kuingia. Akaingia! Banange, niliruka juu. Bwana Odera alinikumbatia, mtu asiyewahi hata kunishika mkono. Akasema kesho twende kwake Ntinda, mkewe achinje kuku, nimwoneshe bodi kutoka sebuleni kwake.

Nikaondoka. Ule mstari niliuacha umelala.

Jumamosi nyingine zote za mwaka ule, saa nne ilinikuta nimekaa mbele ya ile taa nyekundu. Jumamosi ile nilikuwa Ntinda, kwenye kochi la Bwana Odera, na soda mkononi. Saa nne kasoro nikaingia kwenye bodi kwa njia ya intaneti, bodi ikanikaribisha kwa jina. Nikawaonesha barua zilizo foleni zikisubiri Beni, na ya Gradi ikiwamo. Nikamweleza mke wa Bwana Odera kwamba dakika chache zijazo hizi zote zitaruka. Kisha chakula kikaletwa nikafunga. Sikurudi kuangalia, yaya. Kuku alikuwa mtamu.

Na Nsambya simu ililia. Nanyama alikuwa anapiga deki. Jumatatu asubuhi alinieleza akiwa ameshika fagio kwa mikono miwili: simu ililia mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikalia tena, mara nne. Alisema ile taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Alisogea mpaka akaiwekea simu mkono juu, akasoma karatasi yangu, akauondoa mkono.

Nilimsukuma nikapita. Nilifungua faili lile, nikauona mstari wangu umelala pale pale nilipoulaza. Kuuamsha kulinichukua muda wa kumeza mate. Lakini Beni haipigi Jumatatu. Laini zimekufa, setilaiti ni ya Jumamosi. Nikarudi Nakivubo kutafuta gari linalovuka mpaka, madereva wakaniambia nina wazimu, hakuna anayekwenda. Kumbe alfajiri ile ile Gradi alishapanda. Jumanne Wahabi alikuja kuniambia, akavua kofia kabla hajafungua mdomo, nikajua.

Nilipokupigia ulilia kwanza, kisha ukaniuliza swali moja: kwani hukumwandikia? Nikajibu, nilimwandikia, yaya. Ukashusha pumzi. Ukasema basi si Gradi huyo, ni yule mwanamke aliyetaka Kampala, ndiye aliyemsukuma barabarani na onyo liko mkononi. Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na laini nzuri isiyo na mikwaruzo hata kidogo. Nikanyamaza. Miezi mitano nimenyamaza, na wewe kila ukipiga unamlaani Reine, na mimi naitikia mhm.

Jumamosi iliyofuata saa nne, modemu ilipokea vizuri kabisa. Onyo langu likaenda. Na barua ya Gradi ikaja, aliyoiacha kwa Faustino Ijumaa jioni, ile ambayo simu iliyolia mara nne ilikuwa imeibeba. Naiandika kama ilivyo: “Kaka Mumbere, kuna lori Jumatatu alfajiri. Reine ananikataza, anasema tusubiri neno lako. Barua zako zinafika Jumamosi, basi nitazisubiri. Kama kuna ubaya sema. Usiposema, ni kama kwa yaya.”

Ni kama kwa yaya. Unakumbuka? Mama alipotuacha, ulikuwa na miaka kumi na sita na watoto wawili wasio wako. Tukikuomba kwenda mtoni au mpirani na wewe uko kwenye moshi wa jikoni, huna nguvu ya kujibu, ulitufundisha: nikinyamaza ni ndiyo. Gradi alikuwa akikuuliza kwa sauti ndogo makusudi ili unyamaze. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba alisubiri Jumamosi nzima, akanyamaziwa, akapanda gari.

Kwa hiyo onyo halikuwa mkononi. Lilikuwa kwangu, ndani ya kompyuta, nalitazama kutoka Ntinda. Na Reine alimkataza. Aliyemsukuma barabarani ni mimi, yaya Huguette, kwa uvivu wa mstari mmoja, na kwa sifa.

Hujasikia bado lililonivunja. Reine alifika hapa wiki mbili zilizopita na Bibiane mdogo, yule uliyekataa kumwona ingawa ana jina la mama yetu. Nimewaachia chumba, mimi nalala ofisini. Jumapili iliyopita alitoa karatasi iliyokunjwa ndogo, akaiweka mezani mbele yangu. Lilikuwa onyo langu. Faustino alimpelekea wakiwa bado wamekaa matanga. Juu imeandikwa tarehe niliyoliandika, na tarehe lilipofika, na Reine si mtu asiyejua kusoma. Alijua tangu siku hiyo! Nikamuuliza kwa nini hakukwambia, miezi yote hii unamwita muuaji. Akasema Gradi alikuwa ameshakwenda. Kama angesema, yaya angepoteza ndugu wawili kwa mwezi mmoja. Kisha akaenda kumwogesha mtoto. Nililia, Huguette, nililia mpaka kesho yake ofisini Nanyama akaja kunipangusa uso kwa kitambaa cha vumbi, Nanyama yule yule.

Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya bahasha, pamoja na ya Gradi. Ya juu ya simu nimeibandua.

Sikuombi unisamehe, hilo utalipima na Mungu. Nakuomba kitu kingine. Reine na Bibiane wamesafiri na Nashon. Wameketi kwa Nafuna, mke wake, hapo Nakuru karibu na stendi, mizigo imefungwa. Reine hajui nimeandika nini, anadhani nakuomba kazi ya kushona. Ukisema waje, Nashon atawaleta kabla chai haijapoa. Ukisema hapana, atawarudisha kwangu. Lakini sema, yaya. Nimemwambia Nashon kwamba safari hii kimya si ndiyo, asiinuke kitini bila neno kutoka mdomoni mwako.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Goti ulipake mafuta ya moto. Mtoto anapenda ndizi zilizoiva sana, na usiku anaogopa simu ikilia.

Ni mimi niliyebaki,
mdogo wako Mumbere