Grafu ya Nyota ya Kumi na Mbili

Uingereza, 14 Januari 1997

Mpendwa Cheptoo,

Hamjambo huko Sosiot? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa haina adabu. Mama amepona kifua?

Nina ombi. Darubini yetu hupokea joto la nyota changa zilizofichwa na vumbi. Unakumbuka makaa tunayofunika kwa majivu jioni? Huyaoni, lakini kiganja kinajua. Joto la nyota hizi hupanda na kushuka, nami natafuta hata moja inayofuata mpangilio unaojirudia. Foleni ya kompyuta ni ndefu, na kwa grafu ulinishinda tangu shuleni. Nakutumia namba za nyota ishirini. Nisipopata kitu kufikia mwisho wa Aprili, profesa atampa mwingine kazi hii.

Dada yako,
Nelvine

Sosiot, 20 Februari 1997

Dada Nelvine,

Sisi hatujambo. Mama amepona. Barua yako aliisoma kanisani, akaisoma tena kwenye kituo cha kuuzia chai. "Muone dada yako," akaniambia, kikapu kikiwa bado mgongoni mwangu. Karani Kiptanui akauliza, "Na huyu je?" Mama akasema, "Huyu anangoja matokeo ya mtihani." Watu wakacheka kidogo.

Grafu ni hizi kumi na tisa. Ya kumi na mbili ilinyeshewa, pamoja na namba zake. Samahani.

Mdogo wako,
Cheptoo

Uingereza, 18 Machi 1997

Mpendwa Cheptoo,

Mnaendeleaje? Mwili wangu ni mzima, moyo ndio umechoka. Grafu zako ni safi, lakini nyota zote zinarukaruka tu. Namba za ile ya kumi na mbili sikubaki na nakala; kosa ni langu. Profesa aliuliza nani amechora. Nikasema ni mdogo wangu, ananishinda kichwa. Jina lako nimeliweka kwenye ripoti, hata kama ripoti haina kitu.

Mvua ya Sosiot naijua. Usijilaumu.

Dada yako,
Nelvine

Sosiot, 7 Aprili 1997

Dada Nelvine,

Nakusalimu kwa aibu. Nyumbani wote ni wazima.

Februari hakukunyesha hata tone, chai ilikauka. Nadhani ulijua.

Kituoni tunachambua majani, mabaya yanarudi nyumbani. Mimi nilikutumia mabaya, zuri nikabaki nalo. Nyota ya kumi na mbili hupanda na kushuka kila siku tisa, haikosi. Niliimaliza siku ile Mama aliposoma barua yako kituoni, nikaiweka chini ya godoro. Nilitaka kitu kimoja ambacho wewe huna. Kila asubuhi niliitoa nikaitazama, na sikufurahi hata siku moja.

Hii hapa, na namba zake. Naipeleka mwenyewe posta ya Kericho ili iwahi kabla Aprili haijaisha.

Mama usimwambie. Lakini ripoti ikitoka nitumie nakala. Nataka aisome kituoni, Kiptanui akiwepo, mpaka afike kwenye jina langu. Hata kama liko chini ya lako.

Mdogo wako,
Cheptoo